Siri ya mgonjwa inavujia wapi: dirishani, masjala au kwenye kompyuta?

#1 Mtu_wa_Mtambile
Assalaam alaykum wanajukwaa. Hoja yangu ni hii: katika hospitali zetu, Unguja na Pemba, siri ya mgonjwa haiibwi na wadukuzi. Inatoka baina ya dirisha la usajili na mlango wa daktari, mle mle tunamopita sote. Kompyuta zimeletwa, watumishi wamepewa nywila, na bado mtu akipimwa asubuhi, alasiri barazani wanajua kapimwa nini. Naomba wenye kazi zao watwambie tundu liko wapi. Nataka maelezo ya kazi, si fulani kamsema fulani. Na tafadhali, asitajwe mgonjwa wala kituo.

#2 Masjala_Kwanza
Waalaykum salaam. Jibu ni faili la karatasi. Lifuate kwa macho siku moja: linatoka rafuni, linakabidhiwa mhudumu, linawekwa meza ya kupimia presha, linaingia kwa daktari, linatoka na fomu ya maabara, linarudi kwa daktari, linakwenda dirisha la dawa, linakwenda kwa anayeandika madai ya bima, kisha linarudi masjala, pengine kesho yake. Kila kituo linalala mezani, uso juu, na kwenye jalada jina kamili na jina la kliniki vimeandikwa kwa kalamu nene. Mtu hahitaji hata kulifungua.

Jalada liwe na namba tu. Jina liwe ukurasa wa ndani. Na mafaili yapangwe kwa tarakimu mbili za mwisho: faili 04-17-58 linakaa rafu ya 58, ndani yake kundi la 17, kisha la 04. Faida yake mbili. Rafu zinajaa sawasawa, na mtu aliyeingia kutafuta faili la jirani yake kwa jina halipati mpaka apate kwanza daftari la majina. Daftari hilo ndilo la kufungiwa kabatini, maana ndio ufunguo wa chumba kizima.

Faili likitoka, mahali pake ichomekwe kadi ya rangi: namba ya faili, kachukua nani, linakwenda wapi, tarehe na saa. Bila kadi hiyo faili likipotea hakuna wa kumuuliza.

#3 FundiMifumo
Masjala_Kwanza nakuheshimu, lakini karatasi inavujisha mgonjwa mmoja mmoja. Kompyuta inavujisha wote kwa mpigo. Tatizo kubwa ni akaunti za pamoja. Unakuta wodi nzima inaingia kwa jina la "nesi1", na nywila imeandikwa kwenye plasta na kubandikwa chini ya kibodi. Hapo hata mfumo ukiandika kila aliyefungua rikodi, utakwambia "nesi1", na nesi1 si mtu.

La pili ni ruhusa pana kupita kiasi. Mtu wa usajili anahitaji jina, umri, shehia na namba ya simu. Ugonjwa haumhusu. Maabara wanahitaji ombi la kipimo na maelezo mafupi ya daktari. Duka la dawa wanahitaji dawa, uzito wa mtoto na mzio. Lakini wakati wa kufunga mfumo, aliyepewa kazi ana haraka, anawapa wote daraja la daktari ili simu za malalamiko zisimfike. Hospitali ya Barreiro kule Ureno ilitozwa faini ya yuro 400,000 mwaka 2018 kwa jambo hili hili: akaunti za daraja la daktari zilikuwa 985, madaktari wenyewe 296.

Mtumishi akihamishwa, akaunti ifungwe siku ile ile barua ya uhamisho inapotoka. Huku mtu anahamia Wete na akaunti yake Unguja inaendelea kuishi.

#4 Nesi_wa_Zamu
#3, unajua kwa nini plasta ile ipo? Kwa sababu skrini mmeiwekea kujifunga baada ya dakika mbili. Nesi yuko na glavu, ana wodi nzima, anarudi kuandika dozi, skrini imejifunga, nywila ina herufi kumi na mbili na alama, mashine inachukua muda kuamka. Akikosea mara tatu akaunti inafungwa mpaka saa mbili asubuhi mtu wa kompyuta aje. Zamu ya usiku hapo afanye nini? Anatumia ya mwenzake, kazi iende.

Mkitaka kila mtu aingie kwa jina lake, rahisisheni kuingia. Dirishani mbele ya watu, skrini ijifunge haraka. Ofisi ya wauguzi yenye mlango, dakika kumi zinatosha. Akaunti ya mtumishi mpya iwe tayari kabla hajapangiwa zamu ya kwanza. Na iwepo ruhusa ya dharura: mgonjwa kaja hajitambui, nafungua faili lisilokuwa la wodi yangu, mfumo unanitaka niandike sababu, unanifungulia papo hapo, na asubuhi msimamizi anaiona kwenye orodha. Hiyo haizuii tiba na haimfichi mchunguliaji.

#5 FundiMifumo
#4 nakubali kuhusu dakika. Kuhusu urefu wa nywila sikubali. Sentensi fupi ya maneno manne ni ndefu, inakumbukika, na haitaki alama za ajabu.

#6 Wakili_Vuga
Nyote mnazungumza milango, mimi nauliza adhabu. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya imeziweka katika kundi la taarifa nyeti, zinazotaka ridhaa ya maandishi isipokuwa kwa mambo yaliyotajwa. Watu hawashitaki, ndio maana watumishi hawaogopi.

#7 Karafuu_Tatu
Wakili, umesahau vifungu vya mwanzo. Sheria hiyo inasema inatumika Bara na Zanzibar, ila kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Afya haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Sasa mgonjwa wa hospitali ya Serikali Pemba anaisimamia vipi?

#8 Wakili_Vuga
Hapo ndipo mabishano yalipo, na umefanya vyema kukumbusha. Wako wanaosema rikodi ya hospitali ya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ni jambo la afya, basi iko nje. Wako wanaosema taarifa ikisafiri kwa mtandao wa simu au ikakaa kwa kampuni iliyosajiliwa Bara, mambo yanabadilika, kwa kuwa posta na simu ni mambo ya Muungano. Mimi naelemea upande wa pili, lakini simpingi anayeelemea wa kwanza.

Visivyo na utata ni hivi. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Zanzibar pia isipokuwa kifungu cha 50, na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ya ruhusa ni kosa chini yake. Kwa majibu ya virusi vya UKIMWI tuna sheria yetu wenyewe ya 2013. Na juu ya yote, mtumishi ana kanuni za taaluma yake. Baraza la taaluma likitaka kumfutia leseni halihitaji kusubiri mahakama.

#9 Dirisha_la_Tatu
Sheria, kompyuta, karatasi, sawa. Lakini sauti je? Hamjaigusa hata kidogo. Dirisha la usajili lina kitobo cha mkono mmoja, mgonjwa kainama, mtumishi yuko ndani anauliza kwa sauti ili asikike: "Umekuja kwa nini? Kipimo gani? Mume yupo?" Nyuma yake watu kumi na tano wamesimama bega kwa bega. Hapo hakuna mdukuzi.

Vitu vya kufanya havina gharama kubwa. Mstari wa rangi sakafuni, mita moja na nusu hadi mbili kutoka dirishani, na mlinzi wa kuusimamia, maana mstari peke yake watu wanaukanyaga. Dirishani aulizwe jina na namba tu. Sababu ya kuja ikaulizwe ndani. Redio au televisheni upande wa benchi inasaidia kufunika sauti.

Kisha siku za kliniki. Kama kliniki fulani ni Jumanne tu na ina benchi lake peke yake, basi benchi ndio tangazo. Changanya kliniki mbili tatu siku moja, benchi moja, milango iwe na namba. Hata vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyohudumia waliodhalilishwa na ambavyo kazi yao ni kubwa, mlango ukiwa na bango kubwa upande wa njia kuu, mtoto aliyeletwa pale anajulikana kabla hajakaa kitako.

#10 Nesi_wa_Zamu
#9 umesema kweli, ila angalia jambo la kuita namba badala ya jina. Mgonjwa wa namba 42 kalala, wa 43 kaingia, kachomwa sindano ya 42. Namba iite mtu mlangoni, basi. Ndani, mlango ukishafungwa, aulizwe ataje mwenyewe jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa au shehia, kisha vilinganishwe na faili. Usimsomee jina yeye akaitikia tu. Mtu mgonjwa huitikia lolote. Kwetu huku wenye jina la kwanza, la baba na la babu yanayofanana ni wengi mno.

#11 Bi_Takwimu
Naongeza mlango ambao hakuna aliyeutaja: ripoti. Tunafikiri tukifuta jina tumemaliza. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, Marekani, alichukua data za hospitali zilizofutwa majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, akalipata faili la gavana wa Massachusetts, William Weld. Alitumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo. Sasa ingiza Pemba: shehia, umri, jinsia na ugonjwa. Katika shehia ndogo hilo ni jina kamili pamoja na la babu.

Kanuni inayotumika sana ni kuficha hesabu zilizo chini ya 5. Lakini watu wanaificha moja na kuacha jumla. Shehia ya kwanza 14, ya pili 9, ya tatu nyota, jumla 26. Mtoto wa skuli atakwambia ya tatu ni 3. Ukificha moja, ficha na ya pili, au unganisha shehia ziwe wilaya. Na tarehe ya kuzaliwa igeuzwe kundi la umri kabla ya faili kutoka ofisini.

Jengine: kuna wanaogeuza namba ya simu kuwa msimbo usiorudi nyuma na kusema mgonjwa kafichika. Namba inayoanza na 0777 ina tarakimu sita zilizobaki, yaani namba milioni 1. Kompyuta ya kawaida inazigeuza zote kwa sekunde chache na kulinganisha. Tumieni namba ya kubahatisha, na jedwali la kuunganisha likae kwa mtu mmoja, kwengine kabisa.

#12 Karafuu_Tatu
Bi_Takwimu, tangu leo ripoti nitazisoma kwa jicho jengine. Lakini barazani hawasomi ripoti za wilaya, dada. Barazani wanasoma WhatsApp.

#13 FundiMifumo
Ndipo nilipotaka kufika. Picha ya eksirei inapigwa kwa simu kutoka skrini ili daktari bingwa aliye Unguja aione. Nia ni njema, na mara nyengine inaokoa mtu. Lakini kona ya juu kushoto kuna jina, umri na namba. Picha ile inajihifadhi yenyewe kwenye albamu ya kila aliye katika kundi, kisha inapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kila mmoja. Ukiifuta kundini, nakala hizo zaweza kubaki.

Piga picha ya mfupa, acha kona. Usitegemee kuchora mstari mweusi juu ya jina. Simu nyengine zinaweka picha ya asili, na programu ya kuhariri inaweza kuuondoa mstari huo. Zima uhifadhi wa picha kwenye albamu katika kundi la kazi. Kundi liwe na watu wa kesi tu, si kundi la hospitali nzima. Na faili la eksirei lenyewe, likitumwa kama lilivyotoka kwenye mashine, limebeba jina ndani yake hata kama huoni jina popote kwenye picha. Lisafishwe kwa programu ya kuondoa utambulisho. Ultrasaundi ndiyo mbaya zaidi, jina limeungana na picha yenyewe, hilo linakatwa kwa mkono.

#14 Masjala_Kwanza
Kijana, umeona? Tumerudi kwenye picha ya karatasi na jina kwenye kona. Nilisema mimi.

#15 Njugu_za_Forodhani
Mwengine na karatasi. Mmezungumza zinapozaliwa, hamkusema zinapofia. Ukinunua njugu au bajia, angalia umefungiwa na nini. Karatasi nyeupe yenye mistari iliyoandikwa upande mmoja inauzwa kwa kilo na haina anayeuliza imetoka ofisi gani. Fomu za maabara zilizokosewa na nakala za madai ya bima zikitupwa kwenye pipa la kawaida, ndiko ziendako.

Mashine ya kukata nyuzi ndefu haitoshi, nyuzi zinaunganika. Inayokata vipande vidogo, isizidi milimita za mraba 160 kila kimoja, ndiyo daraja la P-4 linalopendekezwa kwa karatasi za siri. Kama haipo, tanuri la taka za hospitali lipo, lakini awepo mtu mwenye dhamana mpaka ziwe jivu, aandike na kutia saini. Rundo la karatasi halishiki moto kati. Linaungua pembeni na ndani linabaki jeupe. Zitiwe kidogo kidogo, zigeuzwe.

#16 FundiMifumo
Naunga mkono #15, na mashine nyingi kubwa za kutolea kopi zina diski ndani inayoweza kuweka picha za kurasa. Zikiuzwa mnadani, diski itoke kwanza. Kompyuta kuukuu vilevile: kuifomati haraka haifuti kitu, inafuta orodha tu. Diski ya zamani iandikwe juu yake yote mara moja. Ya kisasa isiyozunguka isimbwe tangu siku ya kwanza, yaani yaliyomo yasisomeke bila ya ufunguo, ili mwisho ukitupa ufunguo umemaliza.

#17 Mama_wa_Kengeja
Nauliza kwa wema: si bora turudi kwenye daftari la mgonjwa? Lile la skuli, analonunua mwenyewe, daktari anaandika, mgonjwa anaondoka nalo. Hospitali haina cha kuvujisha.

#18 Nesi_wa_Zamu
Bi Mkubwa, daftari lile linakaa wapi nyumbani? Juu ya kabati, pamoja na vyeti vya watoto. Linasomwa na mume, wifi na mgeni. Mwanamke akiandikiwa dawa ya uzazi wa mpango asiyotaka ijulikane, daftari ndio linalomsaliti. Na likilowa au likapotea, mzio wake umepotea nalo.

#19 Mama_wa_Kengeja
Na hospitali linasomwa na nani? Nyumbani walau nawajua.

#20 Masjala_Kwanza
Hapa Bi Mkubwa amesema neno. Daftari linampa mgonjwa uamuzi. Kinachowezekana ni daktari amuulize kabla ya kuandika: "Hili niliandike hapa au libaki kwenye faili letu?" Sekunde tano.

#21 Dirisha_la_Tatu
Nakwenda mbali zaidi ya hapo. Sababu kubwa si mfumo wala karatasi, ni sisi jamaa. Mgonjwa wetu hajawahi kuwa wa peke yake. Anaingia na mama, shangazi na kaka, wote wanakaa chumba cha daktari, na daktari anaona haya kuwatoa. Majibu yanasomwa mbele ya kikao. Kisha tunasema hospitali imevujisha!

Njia inayofanya kazi ni utaratibu wa wote, asionekane mmoja kaonewa: kila mgonjwa mtu mzima, dakika za mwanzo ni peke yake. Aulizwe nani aelezwe hali yake, jina na simu ya huyo viandikwe mbele ya faili. Mwengine akipiga simu kuuliza, jibu ni moja: "Hatuzungumzi kwa simu." Hata kusema "yupo wodini" ni kutoa siri.

Na vipimo vya kabla ya ndoa: majibu apewe kila mtu lake mkononi mwake. Asipewe mkwe wala mshenga. Wawili wakitaka kuambiwa pamoja, waseme wenyewe, kila mmoja kwa ridhaa yake.

#22 Wakili_Vuga
#21 kwa ridhaa hapo umepiga penyewe. Ila usiwape watumishi upenyo wa kusema "ni jamaa". Finland, muuguzi mmoja alitibiwa katika hospitali ile ile aliyoifanyia kazi, akashuku wenzake wamesoma faili lake la virusi vya UKIMWI. Mfumo ulionyesha kufunguliwa mara tano za mwisho tu, tena kwa jina la idara, si la mtu. Hakuweza kuthibitisha. Tarehe 17 Julai 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikampa haki: hospitali ndiyo ilipaswa kuweka kumbukumbu za kutosha kumlinda. Mgonjwa asiachiwe mzigo wa kumkamata aliyemchungulia.

#23 Bi_Takwimu
Na kumbukumbu zisiposomwa ni kama hazipo. Mtu mmoja, saa moja kila wiki, atoe orodha ya rikodi zilizofunguliwa bila ya mgonjwa kuwa na hudhurio siku hizo, za watumishi waliotibiwa pale, na za watu wanaojulikana. Nchi nyengine wanatafuta mtumishi na mgonjwa wenye jina la ukoo moja. Kwetu haitafaa, jina la mwisho ni la babu na nusu ya kisiwa watatokea. Linganisheni namba ya simu ya jamaa wa karibu na shehia.

#24 Nesi_wa_Zamu
Umeme ukikatika je? Hamjauliza. Tunaandika kwenye karatasi zozote, umeme ukirudi zinaingizwa kwenye kompyuta, na karatasi zinabaki mezani siku tatu. Hizo hazina namba, hazina rafu, hazina mwenyewe. Fomu za dharura zichapwe kabla, ziwe na namba mfululizo, zihesabiwe zinapotoka na zinaporudi.

#25 Mtu_wa_Mtambile
Ahsanteni, mmenipa zaidi ya nilichoomba, na hamkukubaliana hata wawili. Nina moja kwa Wakili: mwajiri akitaka kujua mtumishi wake kapewa mapumziko ya ugonjwa gani? Na polisi wakija na PF3, ile fomu yao ya majeruhi?

#26 Wakili_Vuga
Karatasi ya mapumziko inahitaji siku ngapi, kuanzia lini, na saini ya daktari. Ugonjwa si lazima uandikwe. PF3 daktari ajaze majeraha yanayoulizwa na hali yake, basi. Magonjwa mengine ya mgonjwa hayahusiani na kesi hiyo, na faili zima halipewi mtu kwa kuwa tu kavaa sare. Mahakama ikilitaka, itatoa amri.

#27 Masjala_Kwanza
Na hata ikija amri, faili litoke kwa kadi ya rangi, na nakala ibaki.

#28 FundiMifumo
Nakala ya karatasi au ya kompyuta, mzee?

#29 Masjala_Kwanza
Ya karatasi. Kabatini. Na ufunguo ninao mimi.